Nakala ya Saa Nane Mchana

Jumatatu, 4 Machi

Leo kompyuta imegoma kuwaka. Nimebonyeza, nimebembeleza, nimechomoa nikachomeka tena, nimeipiga hata kile kikofi cha ubavuni ambacho mume wangu anaapa kwamba husaidia. Kimya. Nilikaa sakafuni mbele yake kama mtu aliyefiwa. Baada ya muda mrefu ikawaka yenyewe, bila hata kuomba radhi.

"Si umeona?" mume wangu akasema. "Ulikuwa unajitia presha bure."

Bure! Ndani ya mashine hiyo kuna kazi ya mwaka mzima na ushee. Kuna kamusi ya lugha ya alama ninayoitengeneza na mdogo wangu, ambaye ni kiziwi tangu utotoni na sasa anafundisha kwenye shule ya watoto viziwi. Kila alama tumeirekodi kwa video hapahapa sebuleni kwetu, na picha za kitabu zitatoka kwenye video hizo. Mchapishaji anaisubiri mwisho wa Mei. Watoto wa shule ile hawajawahi kushika kitabu chenye alama zao wenyewe. Wanafundishwa kwa vitabu vya kwingine, kwa mikono ya watu wasiowajua.

Na zaidi ya yote, ndani yake yumo Mzee Seremala. Alikuwa kiziwi wa zamani, aliyekua kabla shule haijajengwa, na alama zake alizirithi kwa kaka zake na kwa mafundi wa karakana alikofanya kazi. Vijana wa leo hawazijui. Yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wangu alama yake ya kwanza, wakati mdogo wangu alikuwa mtoto wa kulia kutwa kwa sababu hakuna aliyemwelewa. Kwa miezi alikuja hapa kila Jumamosi na shati lililonyooshwa pasi, akakaa mbele ya kamera, akairudia kila alama mpaka turidhike. Januari akafariki. Video zake ni hizo tu. Kwenye simu tuliyorekodia tulikuwa tunazifuta kila tukishazihamisha, maana simu ilikuwa inajaa.

Nikamwambia mume wangu, mashine hii ikifa, mzee anakufa mara ya pili. Akasema, "Basi zitolee nakala," akaendelea kula.

Jumatano, 6 Machi

Amekuja fundi wa kompyuta, yule tunayemwita Hamna Shida kwa sababu hata ukimwambia nyumba inaungua ndivyo atakavyojibu. Alisema atafika asubuhi, kafika jioni. Ameleta diski ya nje, nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni, akaichomeka nyuma ya kompyuta, akaweka programu ya kutoa nakala yenyewe kila siku. Akauliza, saa ngapi? Asubuhi mimi nipo kazini, nafundisha sekondari, na umeme wa asubuhi mtaani kwetu hauaminiki. Jioni nahariri video, mashine inakuwa nzito. Usiku nazima. Tukakubaliana saa nane mchana. Ikifika saa hiyo, kila kilicho kipya kinanakiliwa kwenye diski bila mtu kugusa. Nakala ikikamilika inatokea alama ya vema ya kijani. Ikishindikana, msalaba mwekundu.

"Na mimi nifanye nini?" nikauliza.

"Wewe usifanye kitu, dada. Iache hapohapo ilipo, isichomolewe. Hamna shida."

Mama mkwe, anayeishi nasi tangu mwaka juzi, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anafuma kitambaa cha meza. Nilimweleza kwa furaha, "Mama, kuanzia leo kompyuta inajitunza yenyewe!"

Akatabasamu. "Ndiyo, mwanangu."

Alhamisi, 7 Machi

Kijani. Nimeitazama ile vema kama mzazi anayetazama matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Ijumaa, 8 Machi

Kijani.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua zimeanza. Msalaba mwekundu.

Jumanne, 12 Machi

Mwekundu tena, na nimeikuta kompyuta imezimika kabisa. Nimempigia fundi. "Itakuwa ni mvua, dada." Nikamuuliza mvua inaingiaje ndani ya programu. Akasema hamna shida, atapita.

Ijumaa, 15 Machi

Wiki nzima mwekundu. Fundi amepita. Ameiangalia mashine, ameipapasa, amekunywa chai vikombe viwili, akatamka kwamba haina ugonjwa. Haina ugonjwa! Mgonjwa gani huyu anayezimia kila mchana na daktari anasema ni mzima? Nimemwambia arudishe nauli niliyompa. Amecheka, akadhani natania.

Jumamosi, 16 Machi

Nimemkamata mhalifu. Ni mama mkwe.

Nilikuwa jikoni, nje wingu limetanda, mara nikasikia kile kiboksi cha kutunza umeme kilicho chini ya meza ya kompyuta kimeanza kupiga ukelele wake. Ukelele huo unatoboa masikio. Jirani wa pili alishawahi kuja kuulizia. Nikakimbia sebuleni. Plagi imelala sakafuni, na mama mkwe ameshakaa kitini pake anafuma, ametulia tuli, kiboksi kinapiga mayowe karibu kabisa na mguu wake. Hajishughulishi hata kidogo.

"Mama! Kwa nini umechomoa?"

Hakuinua hata macho. Nikasogea nikarudia, karibu nipasue koo. Akashtuka kuniona, kisha akatabasamu.

"Wingu hilo, mwanangu. Radi haina adabu. Nyumbani kwetu wingu likitanda tulichomoa kila kitu."

Kile kiboksi kikaishiwa nguvu, kompyuta ikazima. Saa nane ilikuwa bado kidogo tu. Nikapiga magoti chini ya meza kurudisha plagi, na nikiwa hukohuko nikamweleza yote kwa upole ambao sikuwa nao: kwamba saa nane mashine ina kazi, kwamba Mzee Seremala yumo humo, kwamba asiichomoe tena hata mbingu zikianguka.

"Umenielewa, mama?"

"Ndiyo, mwanangu."

Jumapili, 17 Machi

Amechomoa. Hata siku moja haijapita.

Nimemwambia mume wangu. Amecheka, eti, "Mama anasikia anachotaka kusikia. Ndivyo alivyo tangu zamani."

"Basi mwambie wewe, mwanawe. Pengine wewe utasikika."

"Nitamwambia."

Jumatano, 20 Machi

Mume wangu anasema amemwambia, kwa sauti, mlangoni akiwa anavaa viatu. Mama akajibu ndiyo. Mchana akachomoa.

Sasa nimeanza kuyaona mengi niliyokuwa nayafumbia macho. Redio anaifungulia mpaka vyombo vinatikisika kabatini. Jana nimeipunguza, akainuka akaiongeza huku ananitazama usoni bila haya. Simu yake inaita, inaita, ipo palepale pajani, hapokei. Mke wa jirani ameniambia langoni, "Mama mkwe wako ana maringo jamani, nimemsalimia jana mara mbili kanipita kama mti." Nikamjibu, "Mimi ndiye ninayekaa naye." Tukacheka. Nimejisikia vizuri kwa dakika chache.

Fundi ananishauri nihamishe ratiba, iwe jioni. Kwa nini nihame mimi? Nimepanga saa nane, ni saa nane. Nikihama leo kwa ajili ya ukaidi wa mtu, kesho nitahamishwa kitandani kwangu.

Jumamosi, 23 Machi

Mdogo wangu amekuja tuchague picha za herufi zilizobaki. Tumekaa mbele ya kompyuta kutwa, video za Mzee Seremala zinakwenda na kurudi, alama moja mara kumi mpaka tupate picha iliyotulia. Mama mkwe kitini pake, kitambaa pajani, macho kwetu. Sikupenda anavyotutazama. Ni kama mtu anayetafuta kosa.

Nilimwambia mdogo wangu yote, kwa mikono, mbele ya huyohuyo mama, maana raha ya lugha yetu ni kwamba unaweza kumsema mtu yupo na asijue. Nikaonyesha anavyochomoa, anavyotabasamu, anavyojibu ndiyo. Nikamwita mbishi, nikamwita mwenye roho ngumu. Nilikuwa na mengi, na mikono haichoki kama koo.

Mdogo wangu hakucheka. Akauliza, "Umemwandikia?"

"Nimwandikie nini? Nimemwambia mpaka kuta zimesikia."

"Sisi tukitaka jambo lieleweke, tunaliandika," akasema, akavuta karatasi mwenyewe akanipa.

Nimeandika kwa herufi kubwa: MAMA, TAFADHALI USICHOMOE HAPA HATA WINGU LIKITANDA. Nikaibandika ukutani juu ya soketi. Nimefanya hivyo kumridhisha mdogo wangu tu.

Jumapili, 24 Machi

Kijani!

Wingu lilitanda mapema. Nilijibanza mlangoni pa jikoni nikamchungulia. Mama mkwe akainuka, akaenda mpaka kwenye soketi, akainama, akasoma. Akasoma tena. Kisha akaja jikoni moja kwa moja, akanishika mkono, akasema kwa sauti yake ile ya juu:

"Ungeniambia mapema, mwanangu."

Ungeniambia mapema! Nimesema Jumamosi, nimesema Jumapili, mwanawe kasema Jumatano, na leo ndiyo ananiuliza kwa nini sikumwambia mapema! Nimeikata ile kabichi mpaka imekuwa uji.

Jumatatu, 25 Machi

Kijani. Nimefurahi na nimekasirika kwa pamoja. Karatasi ya senti tano inaheshimiwa kuliko mke wa mwanawe.

Alhamisi, 28 Machi

Kijani. Mvua haikatiki.

Jumatano, 3 Aprili

Kijani. Nguo hazikauki, watu wote wana mafua. Nimefika herufi ya S. Seremala mwenyewe yumo: anapitisha kiganja hewani kama anapiga randa, kisha anapuliza vumbi la mbao lisilokuwepo. Vijana hawapulizi. Mdogo wangu anasema kule kupuliza ndiko kunakoifanya alama iwe yake.

Jumatatu, 8 Aprili

Kijani. Nimemuuliza mama mkwe, nikiwa natoka mbio, "Funguo za stoo umeziweka wapi?" Akajibu, "Ndiyo." Nimepita stoo nimevunja kufuli. Siku hizi hatusemezani. Namwekea chakula, namwachia hapo, nageuka.

Ijumaa, 12 Aprili

Kijani. Imebaki Z na marekebisho. Nimemwandikia mchapishaji kwamba tutawahi. Mdogo wangu amewaambia watoto darasani, na wamemuuliza kama watakitia kitabu mikononi kabla ya kufunga shule. Amewaambia ndiyo.

Jumanne, 16 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio, tangu mwanzo.

Nilikuwa darasani ilipopiga. Madirisha yalilia, wanafunzi wakapiga kelele, nuru ikawa nyeupe kabisa. Nikasema moyoni, mahali fulani pameumia. Sikujua ni kwangu.

Nilipofungua mlango nilipokewa na harufu ya plastiki iliyoungua. Mama mkwe amesimama katikati ya sebule, sindano ya kufumia mkononi, anaitazama soketi. Ukuta umetoka alama nyeusi. Karatasi yangu imekaangika pembeni lakini maneno yanasomeka. Kile kiboksi kimevimba tumbo. Kompyuta haiwaki, haitoi hata moshi wa kuaga.

Sikupoteza muda kulia. Nikajiambia, ndiyo maana kuna nakala. Jana ilikuwa kijani, juzi kijani, wiki tatu kijani tupu. Nikachomoa ile diski, nikaitia ndani ya koti la mvua, nikaenda kwa fundi nusu nikikimbia. Njiani nilikuwa natabasamu, Mungu shahidi.

Fundi aliichukua, akainusa. Akaifungua kwa bisibisi. Akairudisha mezani taratibu.

"Hii imekwenda, dada."

"Imekwenda wapi?"

"Imeungua. Na ile ya ndani itakuwa hivyohivyo. Zote zilikuwa kwenye waya mmoja."

"Lakini ilikuwa kijani kila siku!"

"Ilikuwa inafanya kazi, ndiyo. Ila ikishanakili inatakiwa itolewe, ikae mbali. Kila mtu anajua."

"Kila mtu nani? Nitajie mmoja! Wewe ulisimama sebuleni kwangu ukasema niiache hapohapo ilipo isichomolewe. Ulisema kwa mdomo wako, na chai yangu tumboni!"

Wateja wengine wakageuka. Akajikuna kichwa. "Nilisema hivyo ili usisahau kuirudisha. Watu wakishaitoa wanasahau." Akasema ataipeleka kwa mtu anayefufua diski, ila nisiweke matumaini. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema hamna shida.

Nimerudi nimelowa. Mama mkwe alikuwa bado amesimama. Nilimsogelea, nikamkabili uso kwa uso, nikapasua:

"Leo! Siku zote umechomoa, na leo ndiyo umeacha! Leo ndiyo ungechomoa!"

Alinitazama mdomoni mpaka nikamaliza. Kisha akabandua ile karatasi ukutani akanipa.

"Niliiona radi inavyomulika," akasema. "Nikaenda mpaka kwenye plagi. Nikaishika. Lakini wewe uliandika nisichomoe."

Nimeingia chumbani nimefunga mlango. Mume wangu amebisha hodi, sijafungua. Siwezi kumlaumu kwa kutii. Hilo ndilo linaloniua, kwamba hata wa kumlaumu sina. Nimeitafuta hasira mahali pa kuikalisha, nikaikosa.

Ijumaa, 19 Aprili

Mfufuaji wa diski amejibu. Hakuna kitu.

Jumamosi, 20 Aprili

Mdogo wangu amekuja na mfuko wa machungwa. Sikuwa nimemwandikia. Habari kama hiyo haitumwi kwa simu. Nilimkalisha, nikamweleza. Alipoelewa, aliiweka mikono yake magotini, akaiacha hapo. Sisi tunaosikia hatujui kimya cha namna hiyo.

Halafu akauliza, "Mzee pia?"

"Mzee pia. Wote."

Akaangalia ukuta. Watoto ameshawaahidi. Nami nilipoona uso wake, ile hasira iliyokosa mahali pa kukaa tangu Jumanne ikapata, ikarudi kulekule ilikozoea. Mama mkwe alikuwa kitini pake, karibu na dirisha. Nikamgeuzia mgongo nusu, nikaanza kusema kwa mikono, kwa nguvu, mpaka viganja vinagongana: huyu hapa ndiye, tangu mwanzo alikuwa adui wa kazi yetu, anasikia akitaka na anaziba akitaka, moyo wake ni jiwe, kiburi kimemjaa mpaka masikioni.

Mdogo wangu alikuwa hanitazami tena. Alikuwa anatazama nyuma yangu.

Nikageuka. Mama mkwe amesimama. Kitambaa kimeanguka, uzi unabingirika sakafuni. Akainua mikono yake miwili, taratibu, kama mtu anayeingia majini, akasema kwa mikono hiyo:

"Si kiburi. Sisikii."

Mdogo wangu aliruka kutoka kitini akamshika viwiko, anatikisa kichwa, anacheka, machozi yanamtoka. Alama ile ya "sisikii" aliyoitumia mama si ya shuleni. Vijana hugusa sikio na kutikisa kidole. Yeye alifunga ngumi yake sikioni kisha akaishusha na kuifungua chini, kama mtu anayemwaga punje. Ni mtu mmoja tu tuliyewahi kumwona akiifanya hivyo.

"Nani amekufundisha?" mdogo wangu akauliza.

Mama akaonyesha kile kiti alichokuwa akikalia Mzee Seremala mbele ya kamera. Kisha akapitisha kiganja hewani kama anapiga randa, akapuliza.

Alikuwepo. Jumamosi zote zile alikuwepo, anafuma, na mzee anarudia na kurudia mpaka turidhike. Na jioni zote nilizohariri, video zinakwenda na kurudi, alikuwepo nyuma ya bega langu. Mimi nilidhani anatafuta kosa.

Mume wangu aliporudi nilimkalisha. Nikamwambia mama yako hasikii. Akasema, "Anasikia anachotaka..." Nikamwambia ukimaliza sentensi hiyo nitakupiga na sufuria. Akaenda akasimama nyuma ya kiti cha mama yake, akaita, "Mama." Akaita tena. Akapiga makofi. Mama anafuma. Mwanamume mzima, alirudi jikoni akakaa juu ya ndoo.

Nimekasirika leo kuliko siku zote za msimu huu. Nimemkasirikia yeye, mtoto wa pekee aliyeongea na mama yake akifunga kamba za viatu. Nimemkasirikia mke wa jirani na salamu zake. Lakini hao ni wa pembeni. Mwaka mzima nimetengeneza kamusi ya viziwi sebuleni, na kiziwi amekaa mita mbili kutoka kwangu, ananijibu ndiyo kwa kila jambo, na mimi ninamfokea nikiwa nimeingiza kichwa chini ya meza.

Jumapili, 21 Aprili

Tumempeleka mama kupimwa? Hapana, Jumapili kumefungwa. Nimeandika hapa ili nisisahau: kesho.

Jumatatu, 22 Aprili

Daktari anasema sikio moja limekwisha kabisa, la pili limebaki na kidogo sana, na halitarudi. Ameuliza kwa nini tumechelewa. Mume wangu alinitazama mimi, mimi nikatazama bango la meno ukutani.

Jumamosi, 27 Aprili

Mume wangu ameleta kompyuta kuukuu iliyotupwa ofisini kwao. Mdogo wangu ameazima kamera ya shule. Tumeanza upya, na mbele ya kamera amekaa mama mkwe.

Hazijui zote. Za karakana na za nyumbani anazo nyingi, za sokoni kidogo, za siku na miezi alikuwa anachanganya mpaka mdogo wangu akamrekebisha, wakabishana, akakubali. Alama nyingine zimekwenda na mzee na hazitarudi, na hilo sijalisamehe wala sitaki kulisamehe. Mchapishaji ametusogezea mbele tarehe ya mwisho kwa miezi michache baada ya kuniambia maneno marefu kuhusu umuhimu wa kutunza nakala. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Sijui nimepata wapi ustaarabu huo.

Alhamisi, 9 Mei

Ratiba ni ileile, saa nane. Diski sasa ni mbili. Kijani kikitokea, mama anachomoa diski anaitia kwenye kopo la biskuti chumbani kwake, kisha anachomoa na plagi ya ukutani, wingu liwepo lisiwepo. Jumamosi mdogo wangu anaondoka na diski moja, anarudisha nyingine. Fundi alipita kujipendekeza, akaona utaratibu wetu, akasema huo ndio aliokuwa anaukusudia. Sikumpa chai.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua zinaelekea kukatika. Leo tumemaliza alama za karakana. Mdogo wangu alikuwa nje anaanua nguo, tumebaki wawili, mimi nyuma ya kamera. Jambo lilikuwa limenikaa kooni kwa wiki nne, na leo nimelitoa. Nilisogea mbele yake, nikamuuliza kwa mikono:

"Kwa nini hukutuambia?"

Alifikiri. Anapotafuta alama hupepesa vidole kidogo hewani.

"Nilitaka nijifunze kwanza," akajibu. "Siku nitakayokwambia sisikii, niwe tayari naweza kuongea na wewe."

Ilibidi nitazame pembeni. Nilipoweza kumtazama tena, nikauliza lile lingine, lile ninaloliogopa.

"Na yale niliyokuwa nayasema juu yako hapa, mbele yako. Uliyaelewa?"

"Mwanzoni maneno machache. Baadaye yote."

Mama mkwe akaninyooshea kola ya blauzi, kama anavyomfanyia mwanawe.

"Ukiongea na mdogo wako unakwenda mbio, sikuwezi," akasema. "Lakini ukinitukana ulikuwa unaonyesha polepole, unarudia. Humo ndimo nilimojifunza zaidi."

Kisha akaniashiria nisogee, maana kamera ilikuwa inawaka na nimemziba.